Diski Tatu za Mlowela

Kwa miaka sita Mwanvita hakupokea kompyuta yenye diski zaidi ya moja. Mteja akifika kwenye kibanda chake cha ufundi pale Mji Mpya, naye Mwanvita akiufungua mfuniko wa mashine na kuona diski mbili zimelala ndani, aliurudishia taratibu na kusema, "Hii mpelekee fundi mwingine, ndugu yangu. Mimi siiwezi." Watu wa mtaani walisema ni maringo. Wengine walisema mwanamke hata akijua ufundi lazima atabakiza kitu asichokijua.

Alizaliwa Kinole, kwa baba mkulima wa pilipili manga, akashuka Morogoro mjini akiwa na miaka kumi na tisa kukaa kwa mama yake mkubwa na kupiga chapa kwenye duka la stesheneri. Mashine ya duka ilipoharibika na mwenye duka akagoma kumwita fundi, Mwanvita aliifungua kwa kisu cha jikoni, akafuta vumbi, akakaza waya uliolegea, ikawaka. Hapo ndipo alipoanzia. Hakusoma chuo. Alijifunza kwa kuharibu vyake na kutengeneza vya watu, na kwa muda mrefu hakuwahi kuharibu cha mtu.

Mpaka alipokuja Hafidhi, mwalimu wa madrasa, mgane wa miezi minne. Kompyuta yake ilikuwa na diski mbili: moja ya mfumo, ambao ulikuwa umeharibika, na moja iliyobeba picha na sauti za marehemu mkewe, miaka sita ya ndoa. Kazi ilikuwa kuufuta mfumo na kuuweka upya. Kompyuta huzipa diski herufi, na Mwanvita aliizoea herufi ya kwanza kuwa ya diski ya mfumo. Siku ile haikuwa hivyo. Herufi hufuata diski ipi imeamka mwanzo, na siku ile ya picha ndiyo iliyotangulia kuamka. Aliandika amri kwa mazoea, akabonyeza, akaenda kuchemsha chai.

Hafidhi alipoambiwa hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, akasema, "Basi, dada. Mungu alishamchukua mwenyewe, picha ni nini." Akaondoka bila kuichukua mashine yake. Mwanvita angependa atukanwe. Tangu hapo kila alipoona diski mbili ndani ya boksi moja aliurudishia mfuniko.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne, masika yamekolea na wingu limeufunika mlima tangu Jumatatu, simu yake iliita saa mbili asubuhi. Alikuwa Sista Yuliana, tabibu mkuu wa kituo cha afya cha Mlowela, huko juu milimani. Walifahamiana kwa sababu ya printa aliyowahi kuwatengenezea.

"Mwanvita, mwanangu, kompyuta yetu ya wagonjwa haiwaki."

"Shikamoo Sista. Haiwaki kabisa, au inawaka haifiki mwisho?"

"Marahaba. Inawaka, inakuwa nyeusi, inaandika Kiingereza. Jana jioni radi ilipiga, umeme ukakatika mpaka leo. Tumewasha jenereta, ndiyo tukaona hivyo."

"Ina diski ngapi ndani?"

Sista akamuuliza mtu pembeni. "Stefano wa maabara anasema tatu."

Mwanvita aliegemea ukuta. "Sista, nisamehe. Hiyo tafuteni fundi mwingine."

"Nani atapanda huku leo? Njia imekatika. Gari la wagonjwa liko upande wa pili wa maporomoko, halipiti." Sauti ya Sista ilishuka, kama anayeogopa kusikiwa na mtu wa chumba cha pili. "Nina mtoto hapa, miaka tisa, ana selimundu, ile sikoseli. Damu yake imeshuka mpaka gramu nne. Chupa mbili za kundi lake ninazo kwenye jokofu. Lakini mwaka juzi aliwekewa damu hapa hapa, ya kundi lake vilevile, nusura afe. Mkojo ulitoka mweusi kama kahawa. Sampuli zikapelekwa mjini, akatafutwa mtu ambaye damu yake haigombani na ya mtoto, akapona. Jina la mtu huyo na majibu yote yamo humo kwenye kompyuta. Mimi sikuwepo, nilihamia baadaye. Nesi aliyemhudumia amestaafu, simu yake haipatikani. Hospitali kubwa wanasema watatafuta kwenye madaftari ya zamani, labda kesho."

"Na mama wa mtoto?"

"Wakati ule alikuwa Turiani, anakata miwa. Bibi ndiye aliyemuuguza, na bibi tumemzika mwezi wa kumi na mbili. Mwanvita, kesho ni mbali."

Mwanvita aliifunga simu, akaifungua tena, akampigia dereva wa bodaboda. Vifaa alivyobeba vilikuwa bisibisi, tochi, na flash yake yenye mfumo wa dharura.

Walipita Sangasanga wakaanza kupanda. Utelezi ulikuwa mkali, na upande wa kushoto bonde lilifunikwa na ukungu, kiasi kwamba hujui mwisho wa barabara uko wapi na mwanzo wa kuanguka uko wapi. Kwenye maporomoko walilikuta gari la wagonjwa limesimama, na nyuma yake malori ya kabichi, madereva wamejifunika maturubai. Udongo mwekundu ulikuwa umelala juu ya barabara kwa urefu wa nyumba. Mwanvita aliuvuka kwa miguu, matope yakimfika magotini, begi kichwani. Katikati alisikia kokoto zikibiringika juu yake, akasimama, akafumba macho. Zikapita. Akaendelea huku anaisoma Ayatul Kursiy, akikosea, akianza upya. Ng'ambo aliokotwa na pikipiki nyingine.

Alifika Mlowela kabla ya saa sita. Sista alimpokea mlangoni, akampitisha wodini kwa sababu ndiyo njia ya kufika ofisini. Mtoto, jina lake Shadia, alikuwa amelala ubavu, midomo imepauka, macho ya manjano. Mama yake, Mwaisha, alikuwa ameshika kidole kimoja cha mguu wa mwanawe, kile kimoja tu. Alimtazama Mwanvita mwenye matope, akajua ni nani.

"Dada, ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Haya," alisema Mwaisha.

Ofisini Stefano, kijana wa maabara mwenye koti jeupe lililochakaa, alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kompyuta, mikono nyuma. Mwanvita alisogea akasoma kilichoandikwa pale. Halikuwa lile giza alilosimuliwa na Sista. Ulikuwa ukurasa wa kuweka mfumo mpya, na katikati yake kitufe kinachouliza kama diski ifutwe kazi ianze.

"Umebonyeza?" aliuliza.

"Binamu yangu wa Dar alinielekeza kwa simu. Alisema niweke flash, niendelee mpaka mwisho..."

"Stefano. Umebonyeza?"

"Hapo sijafika. Sista aliniambia nikungoje."

"Na nyaya? Umezigusa?"

Alitazama chini. "Nilizichomoa zote kabla, nikazirudisha. Sikumbuki ipi ilikuwa wapi."

Mwanvita alinyoosha mkono, akashikilia kitufe cha kuzimia mpaka mashine ikanyamaza. Halafu akachomoa na waya wa umeme. Alikaa chini sakafuni.

Tatizo lenyewe aliweza kulikisia. Kompyuta ikiwashwa, kabla haijaonyesha chochote, hutafuta programu ndogo ambayo kazi yake ni moja tu, kuuamsha mfumo mzima. Mafundi wanaiita butiloda. Mashine yenye diski moja haina pa kukosea. Yenye tatu lazima ikumbuke ianze na ipi, na kumbukumbu hiyo hutunzwa na betri ndogo ya duara, kama sarafu, iliyo ndani. Betri ikifa na umeme ukikatika, mashine huamka kama mtu aliyezimia: haijui mlango wa kwake. Hugonga wowote.

Alifungua mfuniko. Diski moja ilikuwa ndogo na mpya, ya mfumo. Mbili zilikuwa kubwa, za kampuni moja, ukubwa mmoja, rangi moja. Mojawapo ilikuwa na wagonjwa wote wa Mlowela. Nyingine ilikuwa ya mfumo wa zamani, ilisahauliwa tu mle ndani.

"Sista," alisema, "hatuwezi kuichomoa ya wagonjwa tukaisoma kwenye mashine nyingine?"

"Aliyetuwekea alisema imefungwa kwa siri za wagonjwa. Ufunguo uko kwenye mfumo wenyewe."

Basi lazima mfumo uamke. Mwanvita aliomba plasta na kalamu. Alichomoa diski zote, akabandika plasta kwenye ile ndogo, akaandika moja. Zile pacha alizigeuza, akasoma tarehe za kutengenezwa, akamuuliza Sista kituo kilianza lini kutumia kompyuta ya wagonjwa. Iliyokuwa changa kidogo, aliyoikisia kuwa ya wagonjwa, aliiandika mbili, nyingine tatu. Mbili na tatu aliziweka juu ya dirisha, mbali na mashine, kwenye kitambaa.

"Zikae pale," alisema. "Nisichoweza kukigusa siwezi kukiua."

Aliunganisha ile ndogo peke yake, akawasha. Kioo kilikaa cheusi, kisha kikaandika kwamba hakuna pa kuanzia.

Stefano alishika kichwa. "Imekufa?"

Mwanvita naye aliwaza hivyohivyo. Radi imeiunguza. Ufunguo umekwenda. Alitaka atoke, apite wodini, arudi mjini kwa miguu. Kutoka upande wa pili wa ukuta Shadia alilia kwa maumivu ya mifupa, kilio kifupi.

Akaweka flash yake ya dharura, akawasha tena, akaiomba iorodheshe inachokiona. Diski ndogo ilikuwepo. Sehemu zake zote zilikuwepo. Mfumo ulikuwa mzima, umelala. Kilichokosekana kilikuwa butiloda. Fundi aliyeweka mfumo mpya miaka ile aliiacha butiloda kwenye diski ya zamani, ya tatu, bila shaka hakujua, na miaka yote mashine ilikuwa ikipita nyumba ya zamani ili kuingia mpya. Betri ilipokufa na mpangilio ukavurugika, njia hiyo ilikatika.

Dawa yake anaijua fundi yeyote: iandike butiloda upya kwenye diski ndogo. Ni amri ya mstari mmoja, na mwisho wa mstari unaandika herufi ya diski.

Vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi. Vilishaanza kuandika ile herufi ya kwanza. Akaviondoa kama aliyegusa jiko.

"Sista, njoo ukae hapa. Unaona vizuri bila miwani?"

"Naona."

"Nisomee ukubwa wa kila moja. Kwa sauti."

Sista Yuliana aliinama. "Ya kwanza, gigabaiti thelathini na mbili."

"Hiyo ni flash yangu. Endelea."

"Ya pili, mia mbili arobaini."

"Diski ya plasta ya moja ni ngapi? Stefano, soma kilichochapwa kwenye diski yenyewe."

"Mia mbili arobaini."

"Rudia."

"Mia mbili arobaini, dada."

Herufi ya kwanza ilikuwa flash. Diski ilikuwa ya pili. Mwanvita aliandika amri, akaisoma mara tatu, akamwambia Sista naye aisome ingawa Sista hakuelewa hata neno moja. Nje jenereta ilikohoa. Wote watatu wakageuka kuangalia mlango.

"Mafuta yamebaki kiasi gani?"

"Ya saa moja," alisema Stefano. "Labda pungufu."

Akasema bismillahi, akabonyeza. Ilichukua muda wa kuvuta pumzi chache, naye hakuvuta hata moja. Kioo kikaandika kwamba kazi imekamilika bila kosa.

Aliitoa flash, akawasha. Nembo ya mfumo ikatokea. Stefano alipiga makofi mara moja tu, kwa maana nembo iliganda palepale. Sekunde zikahesabika kwenye kona: thelathini, sitini, tisini. Kisha kioo kikawa cheusi tena, kikaandika kwamba mashine imeingia hali ya dharura.

"Mungu wangu," alisema Sista.

"Hapana, subiri." Mwanvita alisoma mistari kuanzia chini kwenda juu, kidole kikifuata. "Inamtafuta mwenzake. Inataka diski ya wagonjwa, haikuiona."

Hapo ndipo alipoogopa kuliko saa zote za siku ile. Mpaka sasa ile diski ilikuwa dirishani, salama. Kuiunganisha ni kuirudisha hatarini. Na kama plasta mbili na tatu alizikosea? Na kama nyaya ilikopita radi zina hitilafu? Alizima, akaiendea, akaichukua kwa mikono miwili. Aliipulizia pini zake, akaiunganisha, akaliweka sikio karibu. Alipowasha ilizunguka, ikagonga tik, ikagonga tik tena. Diski inayokufa hugonga hivyo. Alisubiri tik ya tatu, mkono uko juu ya waya wa umeme tayari kuuchomoa. Haikuja. Ikabaki mvumo tu, laini, wa kitu kinachozunguka sawasawa.

Ukurasa wa kuingilia ukatokea, wenye jina la kituo na msalaba mdogo. Sista aliandika neno la siri akakosea, akaandika tena. Akatafuta jina. Walikuwepo akina Shadia wanne. Wa tatu ndiye.

Alisoma kimya, midomo ikicheza, kisha akasoma kwa sauti: "Asiwekewe damu ya akiba bila kulinganishwa mjini. Damu iliyokubali: ya Abeid, mwashi, Mlowela kwa chini, karibu na mashine ya kusaga." Akamtazama Stefano. "Abeid mwashi si huyu aliyejenga choo chetu?"

Stefano alishatoka mbio.

Mwanvita hakwenda wodini. Alikuwa na kazi iliyobaki. Ile betri ya duara ilikuwa imekufa kabisa, na umeme ukikatika tena mashine ingesahau upya. Duka la karibu lenye betri ya namna ile lilikuwa ng'ambo ya maporomoko. Alizunguka kituo kizima akiangalia vifaa, mpaka akaugeuza mzani wa watoto wachanga na kuikuta betri hiyohiyo tumboni mwake. Aliomba ruhusa kwa nesi, akaihamisha, akapanga upya diski ipi itangulie. Halafu akanakili taarifa zote za wagonjwa kwenye diski ya nje ya Sista, akiangalia mstari wa kijani unavyosogea, akiisikiliza jenereta. Jenereta ilizimika dakika kumi baada ya kunakili kwisha. Alikaa gizani mle ofisini mchana ule, na mvua juu ya bati.

Abeid alikuja na viatu vya saruji. Alipimwa magonjwa yote yanayopimwa, damu yake ikalinganishwa na ya mtoto kwenye kioo cha maabara kwa mwanga wa dirisha, ikakubali. Akalala kwenye kitanda cha pili, akatoa. Alimwambia Mwaisha kwamba mara ya kwanza bibi alimpa kuku, na yeye akamrudishia.

Chupa ilipotundikwa, Sista alisema robo saa ya kwanza ndiyo ya kuogopwa. Mwanvita aliyasikia hayo kutoka mlangoni, akashindwa kuingia wala kuondoka. Alisimama hapo akiangalia matone. Mwaisha naye alikuwa akiangalia matone. Sista aliangalia saa yake na uso wa mtoto, saa na uso, akauliza, "Mgongo unauma? Kifua je? Unasikia baridi?" na Shadia akatikisa kichwa kwa kila swali, kwa uchovu. Robo saa ikapita. Ikaja nusu saa. Sista akavuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mkojo wa kesho ndio utakaosema," alisema.

Mwanvita alilala kwa masista, ingawa kulala ni neno tu. Asubuhi Stefano alibeba kikopo cha plastiki mpaka dirishani, akakiinua juu. Mkojo ulikuwa wa manjano ya kawaida. Alikionyesha kila aliyepita, hata mfagiaji.

Mwaisha alimkuta Mwanvita kisimani ananawa matope ya jana yaliyokaukia miguuni. Alimtwalia ndoo, akammiminia maji yeye mwenyewe.

"Sista ananiambia ulikuwa unaogopa sana."

"Sana, dada yangu."

"Mimi nilidhani wenye ufundi hawaogopi." Akamimina tena. "Ningejua tungeogopa wote."

Barabara ilifunguliwa Jumamosi. Gari la wagonjwa likapanda, likamkuta mgonjwa wake amekaa kitandani, amemkalia mama yake kooni kwamba ndizi hazina chumvi. Mwanvita alipata lifti kwenye lori la kabichi, akashuka mjini akiwa mbele kati ya dereva na mke wa dereva, ukungu umeinuka, na mashamba ya ngazi yakionekana mpaka chini kabisa bondeni.